Miguu laini chini ya vifaa vya sauti: uzito kwanza, mpira baadaye

Chukua kufuli, lifunge kwenye ncha ya utepe wa mpira wenye urefu wa kama nusu mita, shika ncha ya pili na uliache lining'inie. Pandisha na ushushe mkono polepole: kufuli linafuata mkono kana kwamba limefungwa kwa waya. Ongeza kasi kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo mkono unasogea sentimita moja tu na kufuli linaruka tano. Sasa tikisa mkono haraka sana. Mkono unatetemeka, utepe unatetemeka, na kufuli limetulia hewani.

Mguu laini wowote unaowekwa chini ya spika, amplifaya au kicheza santuri ni utepe huo uliogeuzwa juu chini. Kifaa ndicho kufuli. Meza au sakafu ndiyo mkono. Wauzaji huzungumzia hatua ya tatu peke yake, ile ya kufuli lililotulia. Lakini hatua mbili za mwanzo zimo katika kila mguu uliowahi kutengenezwa, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama umeisaidia sauti au umeiharibu.

Hesabu ya rula

Kila kitu kilichokalia kitu laini kina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara kitakazopanda na kushuka kwa sekunde moja ukikisukuma na kukiacha. Mtetemo wa polepole kuliko masafa hayo hupita kana kwamba mguu haupo. Ukilingana nayo, hukuzwa. Nafuu huanza mtetemo unapozidi mara 1.4 ya masafa hayo, na kuanzia hapo huongezeka upesi: kwenye mara 2 hubaki theluthi moja ya mtetemo, kwenye mara 3 sehemu moja ya 8, kwenye mara 4 sehemu moja ya 15, kwenye mara 5 sehemu moja ya 24. Hizi ni hesabu za springi isiyofyonza nishati. Mguu unaofyonza sana hupunguza ule mruko wa katikati, lakini huvujisha zaidi mtetemo wa haraka. Huwezi kupata yote mawili kwa ukamilifu.

Masafa ya asili hayasomwi kwenye boksi la bidhaa. Hupimwa kwa rula. Pima kimo cha mguu ukiwa mtupu, weka kifaa juu yake, pima tena. Tofauti ya milimita ndicho kiasi ulichobonyea. Tafuta kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, kisha gawanya 15.8 kwa jibu lake: umepata masafa kwa Hz, yaani mara kwa sekunde. Mguu uliobonyea milimita 1 unakupa karibu Hz 16. Milimita 2.5 ni Hz 10, milimita 4 ni Hz 8, milimita 10 ni Hz 5, milimita 15 na nusu ni Hz 4. Ukitaka Hz 3 unahitaji karibu milimita 28, na hapo mpira wa kawaida umeshashindwa. Kazi hiyo ni ya springi za chuma au ya hewa.

Kwa springi ya chuma hesabu hii ni sahihi kabisa. Kwa mpira ichukue kama makadirio ya matumaini, maana mpira huwa mgumu zaidi chini ya mtetemo wa haraka kuliko chini ya mzigo uliotulia. Rula ikisema Hz 8, hali halisi inaweza kuwa 10 au zaidi.

Ukishaielewa hesabu hii utaona kwa nini swali la "mpira gani ni mzuri?" halina jibu. Mpira uleule ni springi chini ya mzigo wa kilo 5 na ni tofali chini ya mzigo wa nusu kilo. Vipande vya mpira vinavyouzwa kwa ajili ya mashine za kufulia vimekusudiwa kubeba mashine ya kilo 60 au 80. Viweke chini ya amplifaya ya kilo 6 na havitabonyea hata kiasi cha unene wa karatasi. Unachopata ni kifaa kilichoinuka sentimita mbili na kisichoteleza, basi.

Umbo nalo lina neno. Mpira hauwezi kugandamizwa ukapungua ujazo. Ukiubana juu na chini, lazima utanuke kandokando. Kipande kipana na chembamba hakina pa kutanukia, kwa hiyo huwa kigumu hata kama mpira wenyewe ni laini mkononi. Ndiyo maana miguu mizuri ya mpira ina umbo la nusu tufe, au ina mifereji na matundu. Ukiwa na bamba pana la mpira, kata vipande vinne vya sentimita 3 kwa 3 uviweke kwenye pembe badala ya kutandika bamba zima. Na ukipanga vipande viwili, kimoja juu ya kingine, usitarajie masafa yashuke nusu: ulaini unaongezeka mara mbili, lakini masafa hushuka kutoka Hz 14 hadi Hz 10 tu.

Kupima uzito wa kila pembe

Kosa linaloonekana zaidi ni kununua miguu minne inayofanana, kana kwamba uzito wa kifaa umegawanyika sawa. Haugawanyiki hivyo. Fungua amplifaya nyingi utakuta transfoma upande mmoja, na transfoma peke yake inaweza kuwa nusu ya uzito wote. Kicheza santuri mara nyingi kina mota kona moja na mkono wa sindano kona nyingine. Spika ina sumaku mbele na kasha tupu nyuma.

Unahitaji mzani wa jikoni, au wa bafuni kama kifaa ni kizito, na vipande vya mbao vyenye kimo sawa na mzani. Weka mguu mmoja wa kifaa juu ya mzani na mitatu juu ya mbao, hakikisha kwa pimamaji kwamba kifaa kimelala sawa, soma, kisha hamia mguu unaofuata. Jumlisha masomo manne. Yakipishana na uzito mzima wa kifaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna mguu uliokuwa unaning'inia, rudia.

Tuseme ni kicheza santuri cha kilo 8 na umepata kilo 1.6, 1.8, 2.1 na 2.5. Unataka Hz 4, kwa hiyo kila mguu ubonyee milimita 15 na nusu. Chini ya pembe ya kilo 1.6 inatakiwa springi yenye ugumu wa newtoni 1 kwa milimita. Chini ya pembe ya kilo 2.5, newtoni 1.6 kwa milimita. Ukiweka springi ileile pembe zote, kifaa kitainama upande wa mota kwa milimita kadhaa, na hakuna skrubu ya kusawazishia itakayoficha ukweli kwamba kila pembe inadunda kwa masafa yake. Kuna springi zinazouzwa zikiwa na koili ndogo saba ndani ya kikombe kimoja, unaongeza au kupunguza koili mpaka pembe zote zishuke sawa. Kwa kazi hii ni mpango wa busara kuliko miguu mingi ya bei kubwa.

Kicheza santuri ndicho mgonjwa halisi

Kama una kifaa kimoja tu cha kushughulikia, kiwe hiki. Sindano haijui kama kilichosogea ni mfereji wa santuri au ni meza. Kwayo kila msogeo ni muziki. Katriji ni kile kipande kidogo kinachoshika sindano na kugeuza msogeo wake kuwa umeme. Ya sumaku inayosogea hutoa milivolti 3 hadi 5, ile ya koili inayosogea kwa kawaida hutoa chini ya milivolti 1, na hatua ya kwanza ya ukuzaji, kwa kufuata kanuni ya RIAA ya kusawazisha sauti za santuri, huinua sauti ya Hz 20 zaidi ya mara 9 ukilinganisha na ya Hz 1,000. Kwa hiyo mtetemo mdogo wa sakafu, usiosikika kwa sikio wala kuhisiwa kwa unyayo, unafika kwenye spika ukiwa mkubwa.

Na kuna mtego hapa ambao huwanasa wengi. Mkono wa sindano ukiwa na katriji yake nao ni uzito uliokalia springi, na springi yenyewe ni kile kishikio chembamba cha sindano. Masafa ya asili ya mfumo huo yanatakiwa kuangukia kati ya Hz 8 na 12. Chini ya hapo mkono utachezeshwa na santuri zilizopinda. Juu zaidi utaanza kugusa besi. Kuyapata, zidisha uzito (uzito fanisi wa mkono kama unavyohisiwa na sindano, katriji na skrubu zake, kwa gramu) kwa ulegevu wa sindano kama mtengenezaji alivyouandika, tafuta kipeuo cha pili, gawanya 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 12, katriji na skrubu gramu 8, ulegevu wa 15: 20 mara 15 ni 300, kipeuo chake 17.3, jibu ni Hz 9.2. Hali nzuri kabisa.

Sasa weka chini yake miguu ya mpira iliyobonyea milimita 3. Rula inasema Hz 9. Umeweka mkuzaji wa Hz 9 chini ya mkono unaopenda kucheza kwa Hz 9. Dalili yake huonekana kwa macho: koni za spika za besi zinaingia na kutoka polepole, kwa upana wa kutisha, wakati hakuna besi yoyote kwenye wimbo. Amplifaya inapoteza nguvu kwa msogeo usiosikika, na sauti za katikati zinakuwa na ukungu. Aliyenunua miguu hiyo atasema besi imekuwa "kubwa", na kwa namna fulani ni kweli.

Kwa hiyo chini ya kicheza santuri kuna njia mbili zenye maana. Ya kwanza ni kushuka chini sana, Hz 3 hadi 5, kwa springi au kwa mrija wa ndani wa tairi la baiskeli la mtoto uliojazwa hewa kidogo na kufunikwa kwa bamba zito la mbao. Ya pili ni kukaa mbali kwa juu: miguu migumu kiasi, juu ya rafu isiyocheza. Katikati ya hapo ndipo pabaya.

Njia ya springi ina masharti yake. Sakafu ya mbao inayonesa ukitembea husogea kwa mwendo wa hatua zako, karibu hatua mbili kwa sekunde, pamoja na midundo ya juu zaidi ya mbao zenyewe. Springi ya Hz 3 iko karibu mno na mwendo wa hatua. Mtu akipita, kifaa kitaanza kuelea na sindano itaruka. Hapo hakuna mguu wa kukuokoa. Dawa ni rafu ya ukutani, nyepesi na ngumu, iliyofungwa kwa boliti kwenye ukuta wa tofali au zege unaobeba nyumba, si kwenye ukuta mwembamba wa kugawa vyumba. Rafu ya namna hiyo huishinda miguu yote niliyoitaja, na nashangaa kwamba watu huiweka ya mwisho kwenye orodha. Kwenye sakafu ya zege, springi huwa na raha.

Angalia pia kama kicheza santuri chako tayari kina springi ndani. Edgar Villchur alilitumia wazo hilo kwenye kicheza santuri cha Acoustic Research cha mwaka 1961: sahani na mkono vilikaa juu ya fremu moja inayoning'inia kwenye springi, mota ikabaki nje. Linn Sondek LP12 ya mwaka 1973 inafuata njia hiyohiyo. Ukiweka springi chini ya springi unapata mifumo miwili inayosukumana, kila mmoja ukiuchezesha mwenzake. Vifaa vya namna hiyo hutaka meza nyepesi na ngumu. Miguu laini ya nje ni kwa ajili ya vile vyenye kasha moja gumu, na hata hapo uliza kwanza miguu ya asili ina nini ndani. Ya Technics SL-1200, kwa mfano, ina ulaini wake tayari.

Jinsi ya kupima bila kudanganywa na masikio

Jaribio zuri kuliko yote halihitaji sifa za sikio. Zima mota, weka santuri usiyoithamini, teremsha sindano juu yake ikiwa imesimama. Unganisha tundu la kutolea sauti la kikuza sauti cha katriji na kompyuta, fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, anza kurekodi. Spika zicheze muziki wenye besi kutoka chanzo kingine, kwa sauti unayosikilizia kila siku. Kinachorekodiwa ni kile tu ambacho meza, hewa na sakafu vimeingiza kwenye sindano. Rekodi dakika moja na miguu ya zamani, dakika moja na mipya, bila kugusa kitufe chochote cha sauti. Kisha linganisha kwa mchoro wa masafa ulio ndani ya programu. Tofauti ya desibeli 6 chini ya Hz 100 ni mafanikio. Tofauti ya desibeli 1 ni mabadiliko ya hali ya hewa.

Jaribio la pili ni la kugonga. Sindano bado juu ya santuri iliyosimama, sauti ya spika ikiwa chini kwa usalama wa koni, gonga rafu kwa kidole cha kati, si kifaa chenyewe. Mlio mfupi usio na mkia ni mzuri. Mkia mrefu unaodunda polepole maana yake springi hazina cha kuzifyonza; jaza kipande cha sponji laini ndani ya koili, kikigusa bila kubana.

Simu nayo inasaidia. Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, husoma kihisi cha mwendo kilicho ndani ya simu na kuchora masafa yake. Laza simu juu ya kifaa, kisukume kidogo kwa kidole, na kilele kitakachoonekana ndiyo masafa ya asili. Utaona papo hapo kama hesabu ya rula ilikuwa kweli. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haioni chochote juu ya Hz 50, na mitetemo midogo ya muziki humezwa na kelele za kihisi chenyewe, kwa hiyo itumie kwa kudunda kwa miguu, si kwa kutafuta ubora wa sauti. Usisahau uzito wa simu pia: gramu 200 si kitu juu ya kilo 8, ila juu ya kifaa cha nusu kilo hubadilisha jibu.

Miiba ya chuma na hadithi ya njia moja

Kuna imani kwamba mwiba wa chuma huruhusu mtetemo utoke kwenye kifaa kwenda chini na kuuzuia kurudi. Hakuna kitu cha namna hiyo. Kani ikisukuma chini kupitia ncha ya chuma, kani sawa na hiyo husukuma juu kupitia ncha ileile. Ndiyo kanuni ya tatu ya Newton. Mwiba hufunga kifaa na sakafu viwe kitu kimoja. Faida yake ya kweli ni kupenya zulia ili spika nzito isimame imara bila kuyumba. Kwenye zege yenye zulia, hiyo ni faida tosha. Kwenye sakafu ya mbao, umeigeuza sakafu nzima kuwa ngozi ya ngoma.

Spika na sabufa

Hofu inayorudiwa ni kwamba spika juu ya miguu laini itarudi nyuma kila koni inaposonga mbele, na sauti ikose makali. Piga hesabu. Koni na koili yake vina uzito wa gramu 20. Kasha ni kilo 15. Kasha litasogea sehemu moja ya 750 ya msogeo wa koni, yaani desibeli 57 chini. Koni ikisogea milimita 5, ambao ni msogeo mkubwa, kasha linasogea chini ya milimita 0.007. Hakuna sikio litakalolisikia hilo. Masharti ni kwamba masafa ya asili ya miguu yawe chini sana kuliko noti ya chini kabisa ya spika. Spika inayoshuka hadi Hz 40 ikae juu ya miguu ya Hz 10 au pungufu, yaani iliyobonyea milimita 2.5 au zaidi. Kwa sabufa inayofika Hz 20, tafuta Hz 7, milimita 5. Mpira mgumu wenye Hz 18 chini ya sabufa ya Hz 20 ni hasara tupu, kwa kuwa utaikuza noti ileile uliyotaka kuizuia.

Utakachosikia, kama sakafu ni ya mbao, ni besi *kupungua*. Wengi huishia hapo na kuirudisha miguu. Subiri siku mbili tatu. Kilichopotea ni mchango wa sakafu, ambao ulikuwa ukija umechelewa na ukiimba noti chache tu kwa nguvu kuliko nyingine. Sikiliza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea ngazi kwa ngazi: kila noti inatakiwa iwe na ukubwa unaokaribiana na wa jirani yake. Kwenye sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, tofauti itakuwa ndogo sana au haitakuwepo, na pesa hiyo ingenunua kitu bora zaidi, mathalani mapazia mazito au mabamba ya pamba ya kufyonza sauti kwenye kona.

Kwa jirani wa chini, miguu laini huzuia kile kinachopita kwenye sakafu kwa kuguswa. Besi inayosafiri hewani na kuisukuma sakafu haitapungua hata chembe. Asiahidiwe kimya.

Kimo ndicho kinachoharibu ulinganisho mwingi wa spika. Miguu mipya ikiinua spika sentimita 4, kipaza cha sauti nyembamba hakielekei tena sikioni, na mwangwi wa sakafuni umebadilika. Utasikia tofauti, na utaipa miguu sifa isiyo yake. Unapolinganisha, weka vipande vya mbao chini ya hali ya zamani ili kimo kiwe sawa. Sabufa inayopuliza chini ina nafasi iliyopangwa na mtengenezaji kati ya koni na sakafu. Weka bamba gumu juu ya miguu laini, sabufa ikae juu ya bamba kwa miguu yake ya asili, nafasi ibaki ileile.

Na usalama. Spika ndefu na nyembamba juu ya springi huanguka kirahisi mtoto akiishika. Panua msingi kwa bamba la mbao lenye upana wa sentimita 10 zaidi kila upande, miguu iwe kwenye pembe za bamba. Tumia minne, si mitatu: mitatu haiyumbi kamwe, lakini kona isiyo na mguu ndiyo inayoangukia.

Vilivyobaki

Amplifaya ya valvu, yaani ya mirija ya kioo, ina haki ya kushughulikiwa. Vinyuzi na gridi ndani ya valvu ni vitu vidogo vinavyotetemeka. Gonga kila valvu polepole kwa kifutio cha penseli sauti ikiwa wastani. Inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo mgonjwa, na mara nyingi kubadilisha valvu hiyo moja kunasaidia kuliko miguu. Transfoma inayonguruma kwa Hz 100, au Hz 120 kwenye umeme wa Hz 60, ni kesi tofauti: hapo kifaa ndicho kinachoitetemesha rafu, na miguu ya mpira yenye Hz 20 inatosha kabisa kunyamazisha mbao.

Amplifaya ya transista, kipokea mtandao, kigeuzi cha dijiti: uviwekee miguu kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kutokwaruza meza. Sijaona sababu ya kifizikia ya kutumia zaidi ya hapo.

Wakati wa kufunga

Chomoa umeme na usubiri amplifaya ipoe. Kwenye kicheza santuri, funga mkono, vika sindano kifuniko chake, toa sahani. Ukitaka kufunga miguu mipya kwenye matundu ya skrubu za zamani, pima urefu wa skrubu ya asili na usiuzidishe hata kwa milimita 2. Skrubu ndefu huingia ndani na kugusa bodi ya saketi, na umeme ukirudi hasara ni ya kifaa kizima. Njia tulivu ni kuacha miguu ya asili na kuweka mipya kando yake, chini ya sehemu ngumu za kasha, karibu na pembe. Katikati ya bati la chini ni pabaya: bati hujipinda na kuwa springi ya pili.

Nyaya ndizo zinazosahaulika. Waya mnene wa umeme uliobana kati ya kifaa na ukuta ni daraja la mtetemo lenye ugumu kuliko springi zako. Kila waya upate mkunjo mlegevu kabla ya kukifikia kifaa. Ukigusa kifaa nacho kikarudi mahali pake polepole pande zote, nyaya ziko huru.

Miguu ya Sorbothane (aina ya mpira laini sana unaofyonza mtetemo) na ya mpira laini mwingine huacha mafuta yanayotia doa kwenye mbao zilizopigwa vanishi. Kata kipande cha kioo au bati jembamba ukiweke katikati. Joto la amplifaya huilainisha zaidi, kwa hiyo chini ya kifaa cha moto chagua daraja gumu kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Mpira wa aina hii uubonyeze asilimia 10 hadi 20 ya kimo chake, si zaidi; ukipita hapo hutanuka pembeni na haurudi.

Ukimaliza, sawazisha kwa pimamaji iliyowekwa juu ya sahani ya santuri, si juu ya kasha. Andika kimo cha kila mguu kwa penseli upande wa chini wa rafu. Pima tena kesho yake, na tena baada ya wiki moja, kwa sababu mpira huendelea kushuka taratibu baada ya kubebeshwa mzigo, na pembe nzito hushuka kuliko wenzake. Kuanzia hapo mara mbili kwa mwaka inatosha, na mguu utakaokuwa umeshuka milimita 2 chini ya alama ya wiki ya kwanza uutoe, uache usiku mzima bila mzigo, na asubuhi uuweke kwenye rula.